Mzizi wa ugonjwa sio lazima uchemshwe

Haya wadau, wiki hii maswali mengi yamefanana, kila mtu anauliza kwa staili yake lakini ukiyakamua ni swali moja tu: hivi nitameza vidonge mpaka lini, hakuna namna ya kutibu chanzo chenyewe? Mi ni mfamasia, niko nyuma ya kaunta mwaka wa 14 sasa, vidonge ndo vinalipa ada za wanangu, kwahiyo ukisema nina maslahi sikatai. Ila humu chini kuna sehemu kadhaa nimewaambia msinunue, na bosi wangu akisoma tutaongea.

Tuanze na swali la kwanza. Nina miaka 46, presha ilikua 150 kwa 95, nikaanzishiwa amlodipine. Baada ya miezi miwili miguu ikaanza kuvimba jioni, nikaenda zahanati nyingine nikapewa dawa ya kukojosha, sasa silali nakojoa usiku kucha. Jirani ananiambia niache vyote ninywe kitunguu swaumu na ndimu. Mama wawili, Mbagala.

Pole dada. Ulivyoenda ile zahanati ya pili kuna mtu alikuuliza unameza nini? Nakuuliza kwasababu amlodipine yenyewe ina tabia ya kuvimbisha miguu, inalegeza mishipa midogo inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, maji yanavuja yanakaa kwenye vifundo vya miguu. Huo uvimbe sio maji yaliyozidi mwilini, ndo maana dawa ya kukojosha inakunyima usingizi na mguu unabaki vile vile. Sisi tunaita dawa ya kutibu dawa, na ipo nyingi kuliko mnavyodhani. Kuna baba mmoja alikua ananunua syrup ya kikohozi kwangu, chupa ya tatu ndo nikapata akili ya kumuuliza dawa zake zingine, kumbe anatumia enalapril, na hiyo kwa baadhi ya watu inaleta kikohozi kikavu hakiishi hata unywe pipa la syrup. Akabadilishiwa dawa ya presha kikohozi kikapotea. Chupa mbili za kwanza nilimuuzia mimi mwenyewe, bado zinaniuma.

Rudi kwa daktari aliyekuanzishia, beba dawa zote mkononi, mwambie mguu ulianza kuvimba lini. Anaweza kushusha dozi au akubadilishie kabisa, zipo aina nyingi. Usiache mwenyewe, presha haina kelele, utajiona mzima huku inafanya kazi yake. Na ukivimba mguu mmoja tu tena unauma, au ukianza kuhema ukilala, hapo usisubiri kliniki nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa chanzo. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ya kwenye mkate, ya kwenye kile kiungo cha mchuzi cha mche mraba, ya dagaa, na ile unayonyunyizia juu ya chipsi au mihogo ya kukaanga kabla hata hujaionja. Ukikaa mwezi mmoja unapika chumvi nusu na hunyunyizi tena mezani, mashine itakuambia. Halafu jichunguze na vidonge vya maumivu, diclofenac na ibuprofen za kila siku zinapandisha presha na watu hawazitaji kabisa wakiulizwa wanameza nini, eti hiyo sio dawa ni ya mgongo tu. Kitunguu swaumu weka kwenye mchuzi, kinashusha kidogo sana, hakitoshi kushika nafasi ya dawa kwa 150 kwa 95. Ukishusha chumvi na uzito na namba zikashuka kweli, dozi inapunguzwa, nimeshaona watu wanapunguziwa, ila aliyepunguza alikua na kipimo mkononi.

Miaka 6 nina vidonda vya tumbo. Nimeacha pilipili, maharage, nyanya, chai, mpaka chakula kimekua adhabu. Natumia omeprazole, ile ya kupunguza asidi, nikiumwa. Nataka tiba ya asili itakayotoa mzizi. Kijana wa Mwanza.

Kaka hili ndo swali nililotaka wiki nzima. Watu wakisikia mzizi wa tatizo akili inaenda kwenye mizizi ya kuchemsha, kwako mzizi unaweza kua ni mdudu.

Zamani madaktari dunia nzima waliamini vidonda ni stresi na vyakula vya kuchoma tumbo. Kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakaona kwenye vinyama vya tumbo la wagonjwa kuna bakteria aliyejikunja kama spiringi, Helicobacter pylori. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akachukua kikombe chenye hao bakteria akanywa, yani akanywa kabisa, siku chache tumbo likamvuruga anatapika, walipomchungulia na kamera tumbo limewaka. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Kwahiyo miaka yote ile mtu alikua anakatazwa pilipili wakati mpangaji yuko ndani anakula bure.

Swali langu kwako, umeshapimwa? Kuna kipimo cha choo kikubwa na kuna cha pumzi. Kile cha damu kinaweza kuonyesha tu kwamba uliwahi kua naye, hata kama alishaondoka zamani. Kabla ya kupima uwe umekaa wiki 2 bila omeprazole na wiki 4 bila antibayotiki, la sivyo kipimo kinaweza kukudanganya kwamba huna. Akionekana, unaandikiwa dawa za kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili au zaidi kwa siku 14, unamaliza zote hata kama siku ya tano unajisikia bingwa, halafu angalau mwezi mmoja baadae unapima tena kuhakikisha kaondoka. Hapo kidonge ndo kimeenda kwenye mzizi, na juisi ya kabichi mnayoisikia mtaani ikisaidia sana inatuliza dalili tu. Najua ulitegemea nigeuze.

Kama huyo mdudu hayupo, cha pili kinachochimba vidonda ni hizo hizo dawa za maumivu, diclofenac, ibuprofen, aspirini. Cha tatu, inawezekana huna kidonda kabisa, wengi wanaosema wana vidonda hawajawahi kupigwa kamera, wana kiungulia, na kiungulia kina mambo yake kama kula saa nne usiku na kulala saa nne na nusu. Omeprazole kama umeitumia kila siku kwa muda mrefu ukiikata ghafla asidi inarudi kwa hasira wiki kadhaa, unaamini ugonjwa umezidi unairudia, kwahiyo inapunguzwa taratibu. Ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu au unakonda bila sababu, weka simu chini uende hospitali.

Na rudisha nyanya kwenye mboga bwana, kama haikuumizi.

Baba yangu ana miaka 58, sukari mwaka wa tatu, anatumia metformin. Kuna mtu kamletea paketi ya virutubisho ya laki tatu na nusu, anasema siku 90 sukari inaisha aache na dawa. Ni kweli sukari inaisha? Binti, Tanga.

Nusu ni kweli, na hiyo nusu ndo inayouza paketi.

Uingereza ulifanyika utafiti unaitwa DiRECT, matokeo ya kwanza yakatoka 2017, watu kama 300 wenye sukari aina ya pili, wanene, waliogunduliwa ndani ya miaka 6. Nusu yao wakaachishwa dawa za sukari siku ya kwanza wakiwa chini ya uangalizi wa kliniki, wakawa wanakunywa shake na supu za kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano, ambayo ni njaa ya kweli sio ya kusimuliwa, halafu chakula kikarudishwa taratibu. Baada ya mwaka 46 katika kila 100 sukari yao ilikua chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote. Na walioshusha kilo 15 au zaidi walifanikiwa karibu wote, kama 86 katika 100. Mwaka wa pili wakabaki 36 katika 100, maana uzito ukirudi na sukari inarudi. Maelezo ya wale watafiti ni kwamba mafuta yakitoka kwenye ini na kongosho, kongosho linaamka.

Sasa niambie, baba ana kitambi? Kama anacho, kazi ni kitambi, na kitambi hakiyeyushwi na unga wa kwenye kopo. Nimewahi kukaa mezani na mzee mmoja mwenye sukari, kaambiwa aache sukari kwenye chai kaacha kweli, ila mbele yake kuna mlima wa ugali unazidi ngumi zangu mbili, mchicha vijiko viwili kwa pembeni kama mapambo. Geuza hiyo sahani, mboga za majani ziwe nusu, ugali robo, samaki au maharage robo, na akitoka msikitini au kanisani arudi kwa miguu. Kama baba ni mwembamba hiyo habari inaweza isimhusu, kuna sukari za aina nyingine. Na mtoto au kijana wa sukari aina ya kwanza haachishwi insulini hata siku moja, hapo sina utani, wanakufa.

Kingine nicheke kidogo, metformin wanayoiita kemikali asili yake ni majani, kuna mmea wa Ulaya unaitwa Galega officinalis, walianzia huko. Akiitumia miaka mingi apimwe vitamini B12, inaweza kushuka akaanza ganzi miguuni watu wakasema ni sukari.

Laki tatu na nusu mnunulie mashine ya kupima na stripu, chenji itatosha matembele ya muda mrefu.

Kila baada ya mwezi naambiwa nina UTI sugu, maambukizi ya njia ya mkojo, mwaka huu nimechomwa sindano za siku tano mara nne. Dada, Dodoma.

Mara nne na mkojo haujaoteshwa maabara hata mara moja, nabashiri. Seli nyeupe kwenye mkojo peke yake sio UTI, na kama hukojoi kwa maumivu wala huendi chooni kila saa, inawezekana hakuna cha kutibu. Omba mkojo uoteshwe kabla ya sindano ya tano, wajue ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Inaweza kua fangasi, inaweza kua ugonjwa wa zinaa na mwenzio hajatibiwa, hapo utachomwa mpaka uchoke. Kama sindano zenyewe ni gentamicin, ijue hiyo antibayotiki, ikirudiwa rudiwa inaumiza figo na masikio.

Mbona mnadharau mitishamba wakati wazee wetu ndo walipona nayo? Mzee, Arusha.

Shikamoo mzee wangu. Sidharau. Kiungo kikuu cha dawa mseto tunayotumia kwa malaria kimetoka kwenye mmea, Tu Youyou wa China alipewa Nobel 2015 kwa kukitoa kwenye artemisia. Na Muhimbili wana taasisi ya tiba asili tangu 1974. Ila chai ya artemisia haishauriwi kutibu malaria kwasababu hujui kikombe kina dawa kiasi gani, ikiwa kidogo vimelea vinajifunza. Mwaka 2011 nawe ulikua mkoa mmoja na Samunge, unakumbuka foleni za magari kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mti cha shilingi 500 kwa Babu wa Loliondo, Mungu amrehemu. Kuna watu waliacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, baada ya kile kikombe, na virusi havikuacha.

Kinachoniogopesha zaidi ni chupa isiyo na mti ndani. Mama mmoja alikuja kwangu na unga wa mgongo, maumivu ya miaka yaliisha siku moja, uso umejaa umekua duara, anakula kama ana mimba. Hizo ni dalili za steroid, dawa kali za kuzima uvimbe na maumivu, kuna watu wanasaga vidonge vyake wanachanganya na unga wa mti. Akiacha ghafla anaweza kuanguka, nikamwandikia kikaratasi cha kwenda hospitali na kopo lake.

Detox ya siku 7 inasafisha ini? Bila jina.

Ini na figo vinasafisha bila malipo. Unachosafisha ni pochi.

Mama ana miaka 71, anameza dawa 9 kwa siku kutoka hospitali tatu. Nianzie wapi?

Anzia na kapu. Weka kila kitu, vidonge, majani, matone ya macho, hata za mwaka juzi, usiandike orodha kwa kukumbuka. Nenda kwa daktari mmoja, kwa kila kimoja uliza kiliandikwa kwa ajili ya nini na hiyo shida bado ipo? Mara nyingi kuna mbili ni dawa moja kwa majina tofauti. Usimwachishe chochote mwenyewe, hasa za moyo, kifafa na steroid. Nenda Jumatano au Alhamisi asubuhi, Jumatatu foleni utakuta imefika getini na daktari hatakua na muda wa kapu lako.