Maswali na Majibu: Shotigani ya kwanza kwa mfuko mdogo

SWALI: Salaam kwenu. Nalima ufuta na mahindi Nachingwea. Usiku nguruwe pori wananimalizia shamba, mchana ni zamu ya nyani. Nimeanza kushughulikia maombi ya silaha kijijini. Fedha nilizonazo zinatosha bunduki moja tu, na nataka ilinde shamba, ilinde nyumba, na siku nikipata kibali niwinde kanga. Wenzangu wamegawanyika: wengine wanasema pampu, wengine mtutu mmoja wa Kirusi. Nichukue ipi?

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu yetu. Kwa kazi hizo tatu tunakushauri shotigani ya geji 12 inayokunjwa katikati, yenye mitutu miwili ubavu kwa ubavu, chemba (nafasi ya kuwekea risasi nyuma ya mtutu) ya milimita 70, na mitutu yenye urefu wa sentimita 70 hivi. Nakshi na mbao za kung'aa achana nazo, hazikusaidii shambani.

Geji 12 tunaipendekeza kwa sababu ya risasi. Kipenyo cha mtutu wake ni kama milimita 18.5, na risasi zake hutengenezwa za kila namna, kuanzia marisau (punje za risasi) madogo ya kwale hadi yale makubwa ya nguruwe, yaitwayo SSG. Geji 20, yenye mtutu mwembamba zaidi, hailiumizi bega sana, lakini kabla ya kuilipia ulizia dukani kama risasi zake zinapatikana mwaka mzima. Ukizikosa, fedha yako imelala.

Faida kubwa ya mitutu miwili ni kwamba unabeba choki mbili kwa pamoja. Choki ni ule mbano mdogo mdomoni mwa mtutu unaozuia marisau yasitawanyike mapema. Kwenye geji 12 choki kamili hubana kama milimita 1, nusu choki kama milimita 0.5, na robo kama 0.25. Kwa kawaida kifyatulio cha mbele hupiga mtutu wa kulia, ambao ndio uliobanwa kidogo, na cha nyuma hupiga wa kushoto uliobanwa zaidi. Tafuta yenye robo kulia na nusu kushoto. Nguruwe akitokea mita 15 una mtutu wake, na kanga akiruka mita 30 una wake, hubadilishi chochote zaidi ya kidole.

Fedha zikipungua, mtutu mmoja wa Kirusi kama Baikal MP-18 ni bunduki ya heshima: vipande vichache, fundi yeyote anaielewa, haichagui. Kasoro zake ni mbili. Una risasi moja tu, na kwa kuwa ni nyepesi inasukuma bega kwa nguvu. Anza na risasi zenye marisau ya gramu 28, ziachie gramu 36 watu wenye bunduki nzito. Mtu akipigwa bega siku ya kwanza huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia ni kazi kuitoa.

Pampu, yaani bunduki unayovuta mkono wake wa mbele ili itoe ganda na kuingiza risasi mpya, kama Mossberg 500 au Remington 870, ni imara, hatuzisemi vibaya. Lakini zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ulinzi huwa na mtutu mfupi wa sentimita 47 hivi usio na choki. Mita 20 inafaa, mita 35 marisau yameshatawanyika na kanga anapita katikati. Tena, anayeanza akishikwa na hofu huvuta mkono bila kuufikisha mwisho; ganda halitoki vizuri, risasi mpya haiingii, bunduki inakwama. Na liko jambo tunalolitilia mkazo kuliko yote kwenye nyumba yenye watoto: bunduki ya kukunja ikikunjwa, kila aliye karibu anaona kwa macho kwamba chemba ni tupu. Pampu huwezi kuijua kwa kuitazama tu.

Usimalize fedha zote kwenye bunduki. Tenga za kabati la chuma lenye kufuli, boksi mbili za risasi, fimbo ya kusafishia na mafuta. Na usimpe muuzaji hata shilingi kabla kibali chako hakijatoka.

Kuhusu wanyama: leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo hata hao nguruwe zungumza kwanza na afisa wanyamapori wa wilaya. Nyani akiwa mbali zaidi ya mita 40 usimpige. Utamjeruhi tu akafie porini kwa mateso. Na tembo usimguse kamwe kwa shotigani. Marisau hayamwangushi, yanamtia uchungu, na atakayelipa ni jirani atakayekutana naye asubuhi.

SWALI: Shikamooni. Niko Masasi. Kuna mzee anataka kuniuzia shotigani ya zamani ya Kiingereza, mitutu miwili, bei nzuri. Nitajuaje kama ni nzima?

JIBU: Marahaba. Bei nzuri isikufumbe macho. Kwanza mwenyewe aikunje mbele yako, mhakikishe chemba zote mbili ni tupu. Kisha linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye leseni yake. Zikitofautiana hata tarakimu moja, aga uondoke. Zikilingana, bado haipiti mkono kwa mkono. Uhamisho wa umiliki unafanyika Polisi.

Sasa chemba, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zilitengenezewa risasi ya inchi 2½, yaani milimita 65. Risasi ya siku hizi ya milimita 70 itaingia humo bila shida yoyote, kwa sababu urefu huo ni wa ganda likishafunguka. Kabla ya kupigwa mdomo wake umekunjwa ndani, na risasi nzima haifiki hata milimita 65. Ukifyatua, mdomo unafungukia pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, njia inabana na msukumo wa gesi unapanda kupita kiasi. Soma alama zilizogongwa chini ya mitutu, karibu na chemba. Kama hazisomeki, fundi apime.

Ukiona mitutu ina michoro ya mawimbimawimbi ndani ya chuma chenyewe, hiyo ilisokotwa kwa nyuzi za chuma enzi za baruti nyeusi. Usiipige kwa risasi za kisasa. Iache.

Kama imepita hapo, itoe mitutu na uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ndani utaona duara za kivuli moja baada ya nyingine. Duara zikiwa kamili mtutu umenyooka; zikipinda au kukatika, hapo pana bonyeo au uvimbe. Pitisha vidole nje taratibu sehemu hiyo hiyo. Bonyeo dogo fundi hodari hulitoa, uvimbe haurekebishiki. Vidoa vya kutu vilivyochimba ndani karibu na chemba ni sababu ya kukataa. Vichache karibu na mdomo vinavumilika bei ikishuka. Halafu ining'inize mitutu kwa ndoano yake ya chini na uigonge kidogo kwa ukucha. Ikilia kwa mlio mrefu, ungio lake ni zima. Ikitoa sauti ya kufa, ubao wa chuma unaounganisha mitutu umeachia.

Irudishe mitutu, toa kipande cha mbao cha mbele, shika kitako na uitikise. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Itazame pia ubavuni dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga ukipenya kati ya mitutu na kitasa chake, yaani chuma cha nyuma kinachoifunga, imechoka. Weka risasi bandia, funga kufuli ya usalama, vuta vifyatulio vyote viwili: kisilie kitu. Mwisho kagua shingo ya kitako, pale mkono unaposhika. Ufa wa hapo hufichwa kwa gundi na rangi ya viatu.

SWALI: Lindi mjini hapa. Kwa ulinzi wa shamba la korosho, namba 6 au SSG?

JIBU: Msimu wa kuokota, weka kabatini zote mbili. Chini ya mikorosho kuna akina mama na watoto wameinama, huwaoni. Marisau madogo ya namba 6 yakirushwa juu husafiri zaidi ya mita 200, na yale makubwa jamii ya SSG huenda mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Nje ya msimu, namba 6 ni ya ndege. SSG ni ya nguruwe aliye ndani ya mita 25, ukiwa umeona wazi kilicho nyuma yake.

SWALI: Naishi Mikindani, karibu na maji. Bunduki inapata kutu hata nikiipaka mafuta. Kosa liko wapi?

JIBU: Pengine unaihifadhi ndani ya mfuko wake. Ngozi na sponji hunywa unyevu wa chumvi na kuubana kwenye chuma. Mfuko ni wa safari tu. Nyumbani isimame kabatini bila mfuko, mdomo ukiangalia chini, ili mafuta yasitiririkie kwenye mbao za kitako yakazilainisha. Futa alama za vidole kila ukiishika, maana jasho nalo ni chumvi. Mafuta yawe utando mwembamba, na upake upya kila wiki wakati wa masika.

Na kila unapoitoa kabatini, hata kama hukuitumia, ikunje na uchungulie mitutu kabla ya kuweka risasi. Nyigu wa udongo hupenda matundu ya ukubwa huo, na donge la udongo ndani linatosha kuupasua mtutu. Kama nyumbani kuna mwenye geji 20, risasi zake zisikae droo moja na zako. Ya 20 ikiingia kwenye geji 12 inateleza hadi mbele ya chemba na kukwama. Unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, na ukifyatua mtutu unapasuka mbele ya mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana viwanda hupaka maganda ya geji 20 rangi ya manjano.