Barua kwa mwanangu: nyama haisomi saa

Mwanangu Neema,

Marahaba. Mama yako hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua asubuhi. Umeniandikia kwamba Jumapili ijayo wakwe zako wanakuja hapo Kimara, na umeagiza buchani mkono wa mbele wa nguruwe, kilo 4 pamoja na mfupa wake, uwapikie ile nyama ya kunyambua ya Carolina niliyowasimulia utoto wenu wote. Umeuliza mambo mawili: inapikwa kwa saa ngapi, na uipike kwenye oveni au ukaazime pipa la jirani uipike kwa moshi.

La saa siwezi kukujibu kama ulivyouliza. Nyama haisomi saa. Najua umelisikia hilo mpaka umelichoka, lakini nalisema tena.

Nilipokuwa nasoma Raleigh, huko Marekani, kuanzia 1994 hadi 1997, Jumamosi nilikuwa namsaidia mzee mmoja mashariki mwa North Carolina. Kule wanapika nguruwe mzima, usiku kucha. Kuni za mwaloni na hikori, miti migumu ya kule, zinachomwa pembeni, ndani ya pipa. Makaa yakidondoka chini unayachota kwa koleo, unayatandaza chini ya nyama, koleo moja huku, nusu koleo kule. Kazi hiyo ilibebwa na watu weusi tangu enzi za utumwa, na mzee wangu aliirithi kwa baba yake. Saa mkononi hakuvaa. Alfajiri alishika mfupa wa bega kwa vidole viwili, akauzungusha, ukachomoka mweupe, mkavu, bila unyuzi hata mmoja. Akaniwekea kiganjani nyama inayofuka mvuke, akainyunyizia siki yenye pilipili. Neema, mimi ni mtu wa Marangu, huku Kilimanjaro, nyama nimeijua tangu niote meno. Lakini ile sikuwa nimewahi kuionja.

Sasa Krismasi ya 1999 unaikumbuka, ingawa kwenu watoto ilikuwa soda na nguo mpya. Ukoo mzima ulikuwa umepanda kutoka Dar, Arusha na Mombasa. Mimi kwa wiki mbili nilikuwa nimemwahidi babu yako kwamba atakula nyama isiyohitaji kisu. Nilichimba shimo nyuma ya migomba, nikalijengea tofali, nikakusanya matawi makavu ya mibuni. Saa 10 alfajiri nyama ilikuwa juu ya moto. Hadi saa 4 asubuhi kipimajoto kilikuwa kinapanda vizuri. Kilipofika digrii 70 kikasimama. Saa 5, 70. Saa 6, 71. Wazee wamekwisha kutoka kanisani, wamekaa kwenye viti, mbege imezunguka mara ya pili. Mjomba wako akaja mara tatu: "Shemeji, ongeza mkaa, watu wana njaa." Nikaongeza.

Ule usimamaji nilikuwa nimeuona Carolina mara nyingi, ndiyo maana unaniuma. Nyama ikifika hapo inatoa jasho. Maji yanapanda juu, yanakauka, na yakikauka yanaipoza, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kivulini. Moto unapasha, jasho linapoza, vinakwenda sare. Inaweza kukaa hivyo saa nyingi. Dawa yake ni kungoja, au kuifunga kwenye karatasi ya foili jasho lisipate pa kwenda. Mimi siifungi, kwa sababu ukiifunga lile gamba jeusi la nje linalowa. Lakini siku ile, na wageni wale, ningeifunga. Au la, pengine ningewapa watu kwanza ndizi na maharage wakangoja. Miaka yote hii nabadilisha jibu.

Saa 8 mchana niliitoa, nje makaa matupu, ndani digrii 80. Nikawapa wazee. Babu yako alitafuna kimya. Akatafuna tena. Kisha akakuita wewe, ulikuwa na miaka sita na gauni la njano: "Mjukuu wangu, niletee kisu." Ukakimbia ukakileta kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Hakusema neno lingine, wala siku nyingine hakulirudia.

Bibi yako hakuniuliza kitu. Aliikusanya nyama yote, akakwangua palipoungua, akaitia kwenye chungu pamoja na mchuzi wake, akafunika, akabakiza vijinga viwili tu mafigani. Jioni akatia ndizi. Saa 2 usiku ile nyama ilikuwa inaachana kwa mwiko. Haikuwa imeharibika, mwanangu! Ilikuwa haijafika. Bega limejaa kano na utando, na hizo zinahitaji muda mrefu kwenye joto ndipo ziyeyuke, ziwe ule ute unaofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Kwenye 80 bado ni ngumu. Kwenye 93 hadi 96 inajiachia yenyewe. Watu wakadhani imepikwa kupita kiasi, kumbe nilikuwa nimeitoa mapema. Babu yako alirudia sahani mara mbili, naye kisu hakukigusa. Nilimwona kutoka gizani, kwa sababu sikuwa nimeingia ndani.

Basi, fanya hivi. Jumamosi mchana isugue chumvi, sukari kidogo na pilipili manga, uiache kwenye friji. Usiku saa 4 iingize kwenye digrii 120, upande wenye mafuta ukae juu. Ukinishika shati nikupe hesabu, nitasema muda wa saa 10, pengine 12, ila usiwaambie wakwe zako saa ya kula kwa kufuata hesabu hiyo. Zungusha mfupa. Ukikataa, funga mlango. Ukikubali, itoe, ifunge foili na taulo nene, iache saa nzima kabla ya kuinyambua kwa uma mbili. Maji yaliyobaki kwenye trei yarudishe kwenye nyama. Siki, chumvi na pilipili kavu vinakuja mwisho. Magharibi ya jimbo lile wanatia nyanya. Mimi nilifunzwa mashariki.

Na oveni au moshi? Nilikuwa nimekuandikia jibu, nikalikata. Mzee wangu wa Carolina asingeiita oveni jiko. Lakini chungu cha bibi yako hakikuwa na moshi wa hikori, na wazee walimaliza. Wewe ndiye utakayekesha, wewe ndiye unayewajua wakwe zako. Siamui. Ila pipa la jirani lilikuwa limebeba nini kabla? Muulize hilo kwanza.

Kipimajoto chenyewe nimekifunga kwenye kitenge cha mama yako, nakutumia kwa basi la Alhamisi. Ni kilekile. Jana nilikijaribu kwenye maji yanayochemka kikasoma 95; usidhani kimechoka, huku mlimani maji yanachemka mapema. Hapo kwako Dar, karibu na bahari, kitasoma 100.

Baba yako