Mafunzo ya ujenzi wa matofali na mawe kwa wabunifu majengo: jibu kwa ndugu wa Tabora

Ndugu yangu wa Tabora, umeuliza kama mafunzo endelevu kuhusu ujenzi wa matofali na mawe na ukarabati wa majengo ya kale yana faida ya kweli kwa mbunifu majengo wa mkoani, au ni njia tu ya kutimiza masharti ya usajili. Umeeleza pia kwamba umekabidhiwa nyumba ya matofali ya kuchoma ya enzi za Wajerumani ambayo lipu yake ya saruji inabanduka kila msimu wa mvua, na kwamba mwenye nyumba anataka ipigwe lipu nyingine yenye saruji nyingi zaidi. Maswali hayo mawili kwangu ni swali moja, kwa sababu nyumba kama hiyo ndiyo iliyonipeleka darasani mimi.

Nafanya kazi hii hapa Kigoma, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Katika mwaka wa tano nilipewa nyumba ya zamani karibu na ziwa, ambayo kuta zake zilikuwa na unyevu kuanzia sakafuni hadi kwenye kiuno cha mtu mzima. Chuoni nilikuwa nimefundishwa zege, nondo na nguzo kwa miaka mingi, na kuta za kubeba mzigo kwa wiki chache tu. Kwa hiyo niliandika kile nilichokijua, yaani lipu ya saruji kwa uwiano wa 1:3 (saruji moja kwa mchanga tatu) na rangi ya plastiki juu yake. Mwashi mzee aliyekuwa katika kazi ile aliniambia, "Mwanangu, ukuta huu una maji ndani. Ukiuziba, maji yatatafuta pa kutokea." Nilimsikiliza kwa heshima, kisha nikamwelekeza afuate mchoro. Msimu wa kwanza nyumba ilipendeza. Msimu wa pili rangi ilivimba malengelenge, na tulipobandua lipu tulikuta nyuso za matofali zimebanduka pamoja nayo, zimekuwa unga mwekundu uliomwagika sakafuni. Mwenye nyumba aligharamia ukuta uleule mara mbili, na kosa lilikuwa langu, si la fundi.

Sababu yake niliielewa baadaye. Tofali la zamani lililochomwa kwa kuni ni laini na lina vinyweleo vingi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake na kubeba chumvi. Ukuta uliojengwa kwa udongo au chokaa huyatoa maji hayo kupitia kwenye viungo vya kati ya matofali na kwenye lipu, hukauka, na chumvi hubaki katika chokaa ambayo inaweza kubanduliwa na kupigwa upya bila ukuta kuumia. Ukiufunika kwa saruji ngumu, maji hushindwa kutoka, chumvi huganda nyuma ya lipu ndani ya tofali lenyewe, na chembe zake zinapokua huupasua uso wa tofali. Kanuni ninayoishika tangu siku hizo ni kwamba udongo wa kujengea na wa kupigia lipu, yaani mchanganyiko wa mchanga na chokaa au saruji, sharti uwe dhaifu kuliko tofali au jiwe linaloushikilia, ili kitu kikilazimika kuharibika, kiharibike kile kinachoweza kubadilishwa. Huku kwetu kuna sababu ya ziada: tuko kwenye Bonde la Ufa, na tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 katika Ziwa Tanganyika lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Viungo vya chokaa huvumilia mtikisiko mdogo wa ukuta vizuri zaidi kuliko viungo vya saruji, ambavyo hupasuka na mara nyingi hupasua tofali pamoja navyo.

Baada ya aibu ile nilijilipia mafunzo ya vitendo ya wiki mbili Zanzibar, katika Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Majengo ya kule ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, si ya matofali kama yetu, na mwanzoni nilidhani nimepoteza nauli. Siku ya pili tulipewa majembe. Tulizima chokaa hai kwa maji hadi ikachemka mbele ya macho yetu, na mwalimu akaeleza kwamba mawe ya chokaa yanapochomwa katika tanuri kwa joto la takriban nyuzi 900 hutoa gesi ya kaboni dioksidi, kisha chokaa ikishakaa ukutani huivuta tena gesi hiyo kutoka hewani na polepole kurudi kuwa jiwe. Mtu aliyeshika mwiko akaona jinsi chokaa inavyokauka haraka mno juani na kubaki unga, hataandika tena katika maelezo ya kazi sentensi moja tu isemayo "lipu ya chokaa". Ataandika unene wa kila koti, yaani kila tabaka la lipu, siku za kusubiri kati ya koti moja na jingine, magunia mabichi ya kufunikia, na nani atayamwagilia asubuhi na jioni.

Tulifundishwa pia kuusoma udongo wa zamani wa kujengea kabla ya kuchanganya mpya. Unachukua kipande kutoka ndani ya kiungo, unakiponda, unakitia katika asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa makali. Chokaa huyeyuka ikitoa povu na mchanga hubaki, nawe unaukausha, unaupima na kuuchekecha ili utafute mchanga wa aina hiyohiyo. Hapo pana mtego ambao kitabu pekee kisingenionya: mchanga wenye vipande vya makombe nao huyeyuka, kwa hiyo hesabu hukuonyesha chokaa nyingi kuliko iliyokuwemo. Kuhusu viungo, tulivikwangua kwa patasi na nyundo, kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo, na mashine ya kukatia ilikatazwa kabisa, kwa kuwa ikiteleza mara moja hukata kingo za matofali ambazo hazirudi.

Upande wa nadharia ulikuwa mfupi, lakini usiudharau. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ni mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza, na sehemu mpya ioane na jengo lakini iweze kutambulika kwamba ni mpya. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, nayo ya mwaka 1964, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo majengo yaliyokuja na Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hayaingii humo kwa umri wake peke yake, yanahitaji kutangazwa rasmi kuwa ya kulindwa. Maana yake ni kwamba nyumba uliyopewa huenda haina mlinzi mwingine zaidi ya kalamu yako, na jambo hilo hunikosesha usingizi kila ninapopita mbele ya jengo la zamani lililopakwa saruji mpya.

Hivyo jibu langu ni kwamba mafunzo haya yana faida kubwa, ila si yote. Yale ya siku moja hotelini, yenye picha ukutani na cheti saa kumi jioni, yatakutimizia sharti na hayatabadilisha mchoro wako hata mmoja. Kabla ya kulipa, uliza kama mwashi mwenye uzoefu ni miongoni mwa walimu, na kama mtapelekwa kwenye ukuta unaoumwa ili mtafute chanzo cha maji kabla ya kutaja dawa. Uliza pia kama unaweza kwenda na fundi wako. Mimi safari ya pili nilikwenda na yule mzee, nikamlipia, na darasa zima lilijifunza kwake namna ya kupanga mawe ya kona bila kukimbilia timazi kila mara.

Kuhusu nyumba yako, usianze na lipu. Kagua paa na mifereji yake, kisha chimba kando ya ukuta uone kama ardhi ya nje imepanda juu ya sakafu kwa miaka mingi ya kufagia na kumwaga kifusi, au kama kuna sakafu ya zege iliyobanwa ukutani nje. Ondoa hivyo, maji yapate njia, bandua saruji taratibu, na uache ukuta ukauke kiangazi kizima ukiwa wazi, hata kama mwenye nyumba atalalamika kwamba unaonekana uchi. Mweleze mapema na kwa maandishi. Weka kipande cha lipu ya majaribio, mita moja kwa mita moja, upande unaopigwa na mvua, kikae msimu mmoja. Na utakapokwenda kwenye mafunzo, beba vipande vya udongo kutoka viungo vitatu tofauti, kila kimoja katika mfuko wake ulioandikwa mahali kilipotoka.