Kaunta ya babu yako

Mwanangu Rukia,

Waalaikum salaam. Sauti zako zote tatu nimezisikia. Ile ndefu nimeirudia mara mbili, mara ya pili mdogo wako akiwa hayupo. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mimi hulia au hucheka, na wewe huondoka na lile unalolitaka. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Umeniuliza jambo moja tu. Cheo cha msimamizi wa zamu hapo hospitalini kwenu Uingereza kimekupita mara ya tatu. Mara mbili walipewa Wazungu wa kike, safari hii amepewa yule kijana wa Kighana, na ulipouliza ukaambiwa wadi yenu imepandisha wanawake na imepandisha weusi, sasa lalamiko lako ni la nini? Ukapewa fomu inayotaka sababu kuu moja. Utie alama kwenye rangi au kwenye jinsia? "Mama, wewe enzi zako Malindi ulijuaje ni kipi?"

Sikujua. Ningeweza kuifunga barua hapo. Lakini tangu juzi kilichonijia kichwani si kipi, ni kaunta.

Hadithi ya kaunta unaijua kwa upande wa babu yako aliyeichonga. Kila Idi mlikuwa mkiisikia: miezi minne, mbao ya mbambakofi mtupu, hakutia msumari hata mmoja, ikapakiwa jahazini Lamu mpaka ile hoteli ya ufuoni Malindi, na watu wanne wakashindwa kuinyanyua. Upande wangu yeye hakuusimulia. Mimi nilikuwa hoteli hiyo hiyo, mwaka 1986, nina miaka ishirini na miwili, londri. Shuka, taulo, foronya, mvuke wa pasi. Kiitaliano nilikiokota vyumbani na kwenye mistari ya kuanikia nguo, neno kwa neno, na kufikia mwaka wa pili hapakuwa na mfanyakazi mweusi pale aliyenishinda.

Nafasi ilipotoka mapokezi, nikapanda kwa meneja. Hakunifokea, kwanza alinipa kiti. Akasema: wanawake ninao mapokezi, Waafrika ninao jikoni na mezani, kwa hiyo huwezi kusema hapa tunabagua. Ngoja msimu ujao.

Na hakudanganya! Wanawake wa mapokezi walikuwapo, wametoka Ulaya. Waafrika wa mezani walikuwapo, wanaume watupu wamevaa mashati meupe niliyoyapiga pasi mimi. Kila alilosema lilikuwa kweli, na mimi sikuwemo hata katika moja.

Nikaja Lamu kumwambia baba yangu, nikidhani atakwenda kuninenea, maana kaunta ni yake. Akasema binti yake hasimami mbele ya wanaume wa watu. Ngoja uolewe, mumeo akikuruhusu shauri yake. Mnanicheka kila nikisema, lakini nitasema tena: ngoja ina mwenyewe. Mtu akikwambia ngoja, tazama nani amekaa kitini wakati wewe umesimama.

Nafasi akapewa weta mmoja, mtu wa kwetu. Jina lake unalijua na silitaji. Huyo nilimfundisha mimi kuhesabu uno, due, tre kwa mafungu ya shuka, jioni, kazi zikiisha. Nilifurahi alipopata, wallahi. Nikasema angalau mmoja wetu amevuka.

Sasa sikiliza. Agosti, hoteli imejaa. Mama mmoja wa Kiitaliano akashuka ngazi analia, pete yake haionekani. Msichana wa mapokezi hayupo, na bwana yule ana hesabu na maneno ya kifungua kinywa tu. Nikaitwa londri. Nikasimama upande wa nje wa kaunta, mikono ina sabuni, nikamuuliza yule mama usiku aliiweka wapi. Chini ya mto, akasema. Basi sikungoja zaidi. Nikarudi mbio kwenye kapu la foronya, nikatia mkono, ya tatu nikaigusa. Rukia, ile furaha! Nilipanda ngazi nikicheka peke yangu kama mwehu.

Bwana yule akainua kile kipande cha mbao wanachopitia. Nikadhani ananikaribisha ndani. Nikapiga hatua. Kumbe anatoka yeye. Akaitwaa pete mkononi mwangu, akampa meneja, meneja akampa yule mama, wakapeana mikono watatu wao. Mimi nimesimama, vidole vyangu viko chini ya ukingo wa kaunta, pale babu yako alipochonga ua dogo ambalo mgeni halioni. Nililigusa petali moja moja. Kisha bwana yule akaniambia, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chetu: "Asante, rudi chini. Ngoja, zamu yako itafika."

Kwa meneja, yule Mzungu, sikutarajia kitu. Huyu nilimtarajia.

Wale wanawake watano weusi wa St. Louis, Marekani, ulionisomea habari zao, akina Emma DeGraffenreid walioishtaki kampuni ya magari ya General Motors, nimewafikiria sana. Mwaka 1976 hakimu aliwaambia kampuni iliajiri wanawake, na ya rangi ni kesi nyingine. Wanawake walioajiriwa walikuwa weupe, wa ofisini. Niliposikia nikakaa chini. Mimi na wao bahari nzima katikati, na meneja wetu kama alisoma shule moja na yule hakimu.

Na yule mwanasheria wa Marekani, Kimberlé Crenshaw, aliyeandika mwaka 1989 kwamba mwanamke mweusi ni kama mtu aliyesimama njia panda, magari yanamjia huku na huku, amesema vizuri. Huku kwetu ningesema punda. Umo kichochoroni Langoni, mtaa wa hapa Lamu, punda mmoja anatoka pwani na mawe, mwingine anateremka na mchanga, wewe umebanwa ukutani. Mtu anakuja na karatasi: taja punda aliyekuumiza. Na wenye punda wote wawili ni jirani zako, hiyo Crenshaw sijui kama aliifikiria. Pengine aliifikiria.

Baba yangu, lakini, siwezi kumwacha hivyo. Alipokuwa mgonjwa, mwaka ule wewe ulipokuja na mtoto mgongoni, aliniambia jambo ambalo hakuwa amelisema. Mama wa mamake alikuwa suria, mtumwa aliyewekwa na bwana wake kama mke, hapa hapa Lamu. Akasema, "Bibi yangu alisimama maisha yake yote akingoja kuitwa." Basi. Akageukia ukuta.

Unajua habari za sheria zile za utumwa. Huku pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Unguja watumwa waliweza kudai uhuru tangu 1897, ila masuria waliachwa mpaka 1909. Walipohesabiwa wa kuachiliwa, waliambiwa wao ni kama wake. Wake gani wasio na mahari? Hapo nawe utafute kisanduku.

Kwa hiyo baba alikuwa ananilinda, aliiona kaunta akamwona bibi yake. Haya. Lakini alinilinda nisisimame juu, akaniacha londri, ambako nilisimama saa kumi kwa siku na hakuna aliyeona haya. Na kaunta yenyewe aliiuza kwa wenye hoteli, pesa akapokea. Asubuhi namtetea, jioni namlaumu. Baba yako ananiambia mwache marehemu apumzike. Kwake yeye ni rahisi.

Umeniambia hata sheria yenu ya usawa ya mwaka 2010, huko Uingereza, ilikuwa na kifungu, cha 14, cha kuyaunganisha mawili, na serikali ikakiweka kando mwaka uliofuata. Kwa hiyo rangi uithibitishe peke yake, jinsia peke yake. Nao wanasema ngoja! Mwenyewe unamjua.

Sasa unataka nikwambie utie alama wapi. Neno ninalo, na nimelishika kwa meno, kwa sababu mshahara ni wako na zamu za usiku ni zako, na mimi mwenyewe sikujaza fomu yoyote, niliacha kazi nikarudi nyumbani kwa jahazi, sikuaga. Hata hilo la kutoaga sijaamua kama lilikuwa ujasiri au woga.

Yule kijana wa Kighana, je, amekwambia ngoja? Hilo hukulisema. Uniambie.

Na hiyo fomu nipigie picha uitume, ukurasa mzima, si nusu. Nataka kuona hivyo visanduku ukubwa wake, na kama chini yake wameacha mistari ya kuandikia.

Mama yako