Barua ya Marie Antoinette kwa mama yake: utajuaje kama ni feki?

SWALI: Habari mtaalamu. Kuna skani ya barua inauzwa mtandaoni, muuzaji anasema Marie Antoinette alimwandikia mama yake, Maria Theresa wa Austria, mwaka 1771. Karatasi ni kuukuu na wino umekuwa kahawia. Mnapimaje ukweli wake?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwanza karatasi na wino visikubabaishe, karatasi tupu za karne ya 18 bado zinapatikana, na wino wa chuma wa enzi zile mtu anaweza kuuchanganya hata leo, kwahiyo maabara inamkamata mghushi mvivu tu.

Mimi naanza na mwandiko. Huyu binti, ambaye baadaye alikuwa malkia wa Ufaransa, alifika huko 1770 ana miaka 14, na mwandiko wake ulikuwa mbovu kwelikweli, wa kitoto, spelling hovyo, hata kwenye hati ya ndoa yake kuna doa la wino pale kwenye jina lake. Ulikuja kutulia miaka ya baadaye. Ukiona barua ya 1771 ina mwandiko mzuri wa malkia mtu mzima, hapo shtuka, maana ndivyo ilivyokuwa Paris mwaka 1864, zilichapishwa barua zake kibao, watu wakazisoma kwa machozi, halafu Alfred von Arneth, mtu wa hifadhi ya nyaraka kule Vienna, mji mkuu wa Austria, akatoa zile zilizotunzwa huko na mwanahistoria Heinrich von Sybel akalinganisha, ikaonekana nyingi za zile za Paris ni za kughushi.

Sasa kitu ninachokiamini kuliko vyote ni tarishi. Barua za mama na binti zilibebwa na tarishi wa ikulu, karibu kila mwezi, kwahiyo tarehe ya barua lazima iendane na safari zake. Na kuna shahidi mwingine, Mercy-Argenteau, balozi wa Austria kule Ufaransa, huyu alikuwa anampelekea mama ripoti za siri kuhusu binti, nani kaongea naye, kasoma nini, kampuuza nani, na binti mwenyewe hakujua kabisa (inaniuma kila nikizisoma, mtoto wa miaka 15 anachunguzwa hivyo ugenini). Kwahiyo chukua barua yako uiweke pembeni ya ripoti ya Mercy ya mwezi uleule. Mghushi anajua mambo makubwa ya historia ila vijimambo vya wiki ile, nani aliumwa, nani alinuniana na nani, hapo ndo anakwama.

Halafu muulize muuzaji barua imetokea wapi. Mama alimwagiza binti azichanechane barua anazomtumia, lakini Vienna wao walitunza, za binti zikabaki na za mama zikanakiliwa na katibu wake Pichler. Barua ya binti ilitakiwa iwe Vienna. Kama hana maelezo iliondokaje huko, usitoe hela, na mwombe picha ya karatasi ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga ili alama ya kiwanda iliyo ndani ya karatasi ionekane, akikataa hiyo nayo achana naye.