Maswali ya Wasomaji: Tuhamie Goba au Kibada, na Mtoto Asome Wapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka mitano anayemaliza darasa la awali mwaka huu na binti wa miaka miwili. Tumepanga Sinza, vyumba viwili na sebule, kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, na nyumba imeanza kutubana. Mimi nafanya kazi Posta, na mume wangu yuko kwenye karakana moja Barabara ya Nyerere, karibu na Tazara. Tunataka kuhamia pembezoni mwa jiji kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza Januari ijayo. Mume wangu ameona kiwanja kilichopimwa Kibada, Kigamboni, na anataka tupange huko huko huku tukijenga. Mimi navutiwa na Goba, kwa kuwa mama mkwe anaishi huko na yuko tayari kuwapokea watoto mchana. Shule tuliyosikia ikisifiwa ni ya mchepuo wa Kiingereza, iko Mbezi Beach, ada yake ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka na gari la shule ni 600,000. Wifi yangu anasema tumpeleke bweni tupumzike na mahangaiko yote haya. Tuanzie wapi? – Mama wa Wawili, Sinza.

JIBU: Dada yangu, ahsante kwa barua yako iliyoeleza mambo bila kuficha. Umemtaja mama mkwe kwa maneno machache, kana kwamba ni jambo la pembeni, lakini mimi nilipofika hapo nilisimama. Mtoto wa darasa la kwanza hutoka shuleni mapema mchana, wakati wewe bado una saa kadhaa za kukaa ofisini na baba yake yuko chini ya gari la mteja. Mtu atakayemfungulia mlango, akamvua viatu, akamuuliza mwalimu amesema nini na akatambua kwamba leo amerudi kanyong'onyea, ndiye anayeamua kwa sehemu kubwa kama mtoto huyo ataipenda shule au ataichukia. Kibada kazi hiyo ingemwangukia dada wa kazi ambaye bado hamjampata. Huenda akawa mwema sana. Huenda pia akaenda kwao kusalimia mwezi Desemba asirudi, na Januari ndiyo hiyo inayobisha hodi.

Suala la bweni tulimalize mara moja. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Mtoto wa miaka sita bado anahitaji mtu wa kumfunika shuka usiku. Mshukuru wifi yako kwa nia yake njema, na mazungumzo hayo yaishie hapo.

Sasa hiyo shule ya Mbezi Beach. Sina neno baya juu yake, lakini naomba uhesabu saa kabla hujahesabu fedha. Gari la shule halitoki nyumbani kwenu likaenda moja kwa moja darasani. Linazunguka mitaa likikusanya watoto, na anayepandishwa kwanza ndiye anayekaa ndani kwa muda mrefu kuliko wote. Nilipokuwa naishi Kimara, jirani yangu alikuwa na binti wa darasa la pili aliyepitiwa na gari saa kumi na moja alfajiri. Nilizoea kumwona mama yake akimbeba hadi barabarani, mtoto akiwa bado na usingizi, soksi moja mguuni na nyingine mkononi mwa mama, uji ukiwa kwenye chupa kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kuunywa saa hizo. Jioni alirudi giza likiwa limeanza kuingia. Matokeo yake darasani yalikuwa mazuri, sikatai, ila mama yake aliwahi kuniambia kwamba siku za wiki hakumbuki kumwona mwanawe akicheza. Maneno hayo sijayasahau mpaka leo.

Kuhusu fedha, ada na gari kwa pamoja ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kila mwezi. Baada ya miaka michache binti naye ataanza, na mzigo huo utakuwa 400,000 kwa mwezi, zaidi ya kodi mnayolipa sasa, na hapo sijataja sare, vitabu wala akiba ya dharura ambayo kila nyumba inaihitaji. Kama mnaimudu, ni haki yenu. Kama mtaimudu kwa kukopa kila mwanzo wa muhula, basi ni afadhali kujua hilo leo.

Ushauri wangu ni kwamba mgeuze utaratibu mliouzoea. Watu wengi hutafuta nyumba kwanza, wakishahamia ndipo huuliza shule iko wapi. Ninyi tafuteni kwanza shule ambayo mtoto anaweza kuifikia kwa miguu, kwa dakika kumi au kumi na tano za mwendo wake yeye, kisha mtafute nyumba ya kupanga kati ya shule hiyo na kwa bibi. Msitembelee eneo hilo Jumapili alasiri, wakati kila mtaa unapendeza. Nendeni siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, mkiwa na mtoto mwenyewe, mtembee naye njia nzima kuanzia nyumba mnayoifikiria hadi lango la shule. Angalieni mahali anapovuka barabara, kama kuna kivuko chenye alama na kama madereva wanaiheshimu, na bodaboda zinapita kwa kasi gani kwenye vichochoro.

Goba ni nchi ya vilima na makorongo, kwa hiyo ramani ya simu inaweza kukuonyesha mita mia nne mahali ambapo katikati kuna korongo lisilo na daraja. Kiangazi watu huvuka kwa kukanyaga mawe, lakini masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji yakishuka hakuna anayevuka. Kama mnaweza, rudini mwezi Aprili, asubuhi inayofuata usiku wa mvua kubwa, muone tope limefika wapi kwenye kuta za nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nyumba nyingi za kupanga zenye kodi nafuu ziko ndani ya mita hizo hizo. Dalali hatakueleza hilo. Muulize mjumbe wa shina, au mama anayeuza maandazi pale njia panda, kwa kuwa yeye anajua vizuri ni nyumba zipi hutoa magodoro nje kila mwaka.

Mkifika shuleni, ombeni kwa adabu kumwona mwalimu mkuu na muulize maswali mawili kabla ya mengine: darasa la kwanza lina wanafunzi wangapi, na je, wanasoma kwa zamu? Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi, lakini katika kata zinazokua haraka idadi halisi inaweza kuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo, na baadhi ya shule hugawa watoto zamu ya asubuhi na ya mchana. Zamu ya mchana itavuruga mpango wote wa bibi, kwa hiyo jambo hilo ni lazima lijulikane mapema. Angalieni vyoo kwa macho yenu; kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na mna binti anayekuja nyuma. Kisha fanyeni jambo moja ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko rangi ya majengo: mtafuteni mtoto wa mtaa huo anayesoma pale, mwombeni mzazi wake awaonyeshe daftari lake la hesabu. Tazameni tarehe. Kama kuna kazi kila siku au karibu kila siku, na kama kalamu nyekundu ya mwalimu haikuweka vema tu bali ilisahihisha kosa, basi shule hiyo ina mwalimu, hata kama dawati lina msumari uliochomoza.

Hata hivyo, mume wako ana hoja na sitaki aonekane amekosea. Kibada ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 wa jiji la Dar es Salaam uliozinduliwa mwaka 2002, pamoja na Gezaulole, Bunju na Toangoma. Eneo lililopimwa lina mchoro, na kwenye mchoro kuna ardhi iliyotengwa kwa ajili ya shule, zahanati na barabara. Sehemu kubwa ya Goba na Kimara ilijengwa kabla ya upimaji, ndiyo maana mahali ambapo pangekuwa na shule pana nyumba za watu, na watoto wanatembea mbali au wanarundikana katika shule moja. Kwa kazi yake pia Kibada inamfaa: anapita Daraja la Nyerere, anatokea Kurasini, anashika Barabara ya Mandela hadi Tazara. Wewe ungevuka kwa pantoni na kushukia Kivukoni, hatua chache kutoka Posta, siku ambazo pantoni haina hitilafu. Kutoka Goba utapanda daladala hadi Mwenge au Mawasiliano na kuunganisha gari jingine, na yeye atakuwa na safari ndefu zaidi. Kwa watu wazima wawili Kibada inashinda, na ningeichagua bila kusita kama msingekuwa na watoto, au kama bibi angekuwa anaishi huko.

Lakini mtu mzima aliyekaa kwenye foleni saa moja na nusu anachoka tu, akilala anaamka salama. Kwa hiyo, kwa ajili ya watoto, pangeni Goba kwa mwaka wa kwanza, na msinunue chochote Goba katika mwaka huo. Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, basi hesabuni fedha za miezi saba pamoja na gari la kuhamisha vyombo. Kabla hamjalipa, fungueni bomba na muulize maji ya DAWASA hutoka siku zipi, kisha angalieni kama kuna tangi la akiba. Waliopitia mgawo wa maji wa mwaka 2022 wanaelewa kwa nini nasema hivi. Kiwanja cha Kibada, kama kweli mmekipenda, kinunueni taratibu baada ya kuhakikisha umiliki wake katika ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Kigamboni, na mjenge kwa kadiri ya mfuko. Mvulana wenu akifika darasa la nne au la tano atakuwa na nguvu ya kuhama, na kwa kuwa elimu ya msingi kwa mujibu wa sera mpya ni miaka sita, mtakuwa mmeshaiona njia iliyobaki.

Uandikishaji wa darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba. Tayarisheni cheti cha kuzaliwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa mtakaohamia, msisubiri wiki ya kwanza ya Januari, wakati ambapo ofisi ya mwalimu mkuu huwa na foleni hadi uwanjani.

SWALI: Mhariri, mimi ni baba wa mtoto mmoja, tumehamia Kibamba mwezi uliopita. Jirani na sisi kuna shule ya serikali na shule binafsi ya Kiingereza. Ile binafsi inatangaza kwamba wanafunzi wake wote wamepata A na B. Je, hilo linatosha kuniamulia? – Baba Kibamba.

JIBU: Ndugu yangu, halitoshi, ila ni mwanzo mzuri. Baraza la Mitihani siku hizi halitangazi tena orodha ya shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule ya darasa la nne na la saba yapo kwenye tovuti yake, na unaweza kuyasoma wewe mwenyewe. Angalia idadi ya watahiniwa kwanza. Shule yenye watoto 18 waliopata A na B si jambo moja na shule yenye watoto 160 ambamo 110 wamepata hivyo. Halafu chukua matokeo ya darasa la nne ya mwaka fulani na uyalinganishe na idadi ya watoto wa shule hiyo hiyo waliofanya mtihani wa darasa la saba miaka mitatu baadaye. Kama walikuwa 40 wakabaki 22, uliza wale 18 wengine wamekwenda wapi. Yapo majibu ya halali, kwa sababu wazazi huhama na ada hushinda watu, lakini inawezekana pia kwamba wanaochelewa kuelewa huondolewa kabla ya mtihani, na mtoto wako anaweza kuwa mmoja wao.

Kuhusu lugha, mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Kiingereza tangu darasa la kwanza hata katika shule za serikali, ingawa masomo mengine hufundishwa kwa Kiswahili. Mimi ni mwumini wa mtoto kujifunza kusoma kwanza kwa lugha anayoiota usiku, na nimeona watoto wengi wa shule za serikali wakikipokea Kiingereza vizuri kidato cha kwanza kwa kuwa kusoma kwenyewe walikuwa wanakujua. Ukichagua ile ya binafsi, omba ukae nyuma ya darasa la pili kwa kipindi kimoja, usikilize kama watoto wanazungumza au wanakariri kwa pamoja. Shule ikikukatalia hata baada ya kuomba kwa maandishi, nenda ukaombe katika ile ya serikali.