Cheti cha kuingia Uhindu kinampa mtu ukaazi Vrindavan?

SWALI: Mama yangu ana miaka 63, Mkenya mzaliwa wa Nakuru. Aliingia Uhindu kupitia kundi la Hare Krishna, guru (mwalimu wake wa kiroho) akampa jina jipya, na ana cheti cha hekalu. Sasa anataka kuuza shamba, anunue chumba Vrindavan, mji mtakatifu wa India, na aishi huko hadi mwisho wa maisha yake. Cheti kitamsaidia kupata ukaazi India? Na chumba kinaweza kuandikwa kwa jina lake?

JIBU: Shamba lisiuzwe kwanza. Cheti hakimpi ukaazi, na mwenye viza ya utalii hanunui nyumba India.

Nia yake haina ajabu. Kwa Wavaishnava, yaani Wahindu wanaomwabudu Vishnu au Krishna, kuishi na kufia katika ardhi alikokulia mungu Krishna ni ibada. Prabhupada, mwasisi wa Hare Krishna, alifia Vrindavan Novemba 1977, na wafuasi wake kutoka Ulaya, Urusi na Marekani wamekuwa wakihamia huko miaka yote. Ila ofisa wa uhamiaji anasoma pasipoti tu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba Sheria ya Ndoa za Kihindu ya 1955 humhesabu aliyeingia dini hiyo kuwa Mhindu kama mzaliwa. Hayo ni mambo ya ndoa. Marekebisho ya uraia ya 2019, ambayo mawakala hupenda kuyataja, yanawahusu Wahindu na wafuasi wa dini nyingine kadhaa waliotoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan na kuingia India kufikia 31 Desemba 2014. Mkenya hayumo. Kadi ya OCI, inayomruhusu raia wa kigeni kuishi India bila kikomo, nayo inadai asili ya India, angalau kwa mzazi wa babu au bibi, au ndoa na Mhindi. Inabaki njia ndefu: kuishi nchini kihalali miaka 12, kisha kuukana uraia wa Kenya, maana India hairuhusu uraia wa nchi mbili.

Kwa hiyo wageni wengi huishi kwa kwenda na kurudi. Viza ya utalii ya mtandaoni kwa kawaida haivuki siku 180 kwa mwaka wa kalenda, na hairuhusu kuhubiri. Mwenye nia ya kusoma Sanskrit (lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu) au maandiko yenyewe katika taasisi inayotambuliwa anaweza kuomba viza ya mwanafunzi, na miaka 63 si kikwazo. Viza ikizidi siku 180, ajiandikishe kwa ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu kufika. Ashramu, yaani makao ya kiroho yanayompokea, nayo lazima iripoti mgeni ndani ya saa 24. Inayosema "hatuna haja ya fomu" ikimbieni.

Kuhusu chumba, kanuni za fedha za kigeni humtaka mnunuzi wa kigeni asiye na asili ya India awe mkaazi kwa maana ya sheria hizo: awe amekaa zaidi ya siku 182 katika mwaka wa fedha uliotangulia, Aprili hadi Machi, na viza yake ionyeshe nia ya kubaki. Asiye mkaazi anaruhusiwa kupanga kwa mkataba usiozidi miaka mitano. Mimi ningechagua hilo hata kama kununua kungewezekana.

Hapo ndipo atajitokeza "ndugu wa kiroho" mwenyeji, amwambie chumba kiandikwe kwa jina lake naye mama alipe. Msikubali. Sheria ya mwaka 1988 inakataza mali ya mtu kufichwa chini ya jina la mwingine, serikali inaweza kuitaifisha, na ndugu huyo akibadilika moyo mama hana pa kudai.

Ajue pia kwamba si kila mlango wa hekalu utafunguka. Hekalu la Jagannath mjini Puri, mashariki mwa India, haliwaingizi watu wa nchi za nje hata wawe wameingia Uhindu. Hekalu la Tirumala, kusini mwa India, huwaruhusu wasio Wahindu wakitia saini tamko la imani.

Na kwa kuwa anataka kufia huko, aandike wosia Kenya kabla ya kusafiri, aeleze wazi kama mwili uchomwe India au urudishwe, na nakala mmoja wenu akae nayo. Ubalozi wa Kenya New Delhi utamtafuta ndugu wa karibu kwanza, si guru.